Mchezo wa Ndoo na Chumba Chake cha Mwisho

Simu ilinikuta nikichambua mbaazi barazani kwangu, Masasi, na nusura nisiipokee, maana namba sikuijua, na wanaonipigia siku hizi kwa namba nisizozijua huwa wanataka kuniambia nimeshinda kitu. Sauti ilikuwa ya msichana, yenye adabu. "Shikamoo mama. Mimi naitwa Rehema, binti wa Saidi wa Kitangari. Yule mliyefanya naye kazi ya kompyuta zamani." Nikaitikia marahaba, kisha nikasukuma ungo wa mbaazi kando. Akaeleza kwamba kazi yake ni hizo hizo kompyuta, na kwamba ana wenzake wanaokusanya michezo ya zamani, ile ya kuandika maneno kabla ya picha kuja, hasa iliyotengenezwa ikaishia kabatini bila kutoka. Wanaifufua na kuicheza. Sasa amekuta mmoja nyumbani kwao, umeandikwa kwa penseli kwenye daftari la baba yake. "Baba anasema ni wa kwenu wawili. Anaomba uje uucheze. Anasema yeye hajawahi kuumaliza."

Nilimwambia nitakuja. Sijui kwa nini nilikubali upesi hivyo, maana mchezo huo niliufuta mimi, kwa mkono wangu, asubuhi ya Ijumaa, kabla mtu mwingine hajaingia ofisini, na Saidi nikamdanganya kwamba disketi imeingia ukungu. Alikuwa ameuhangaikia miezi minane. Siku hiyo hiyo alikuwa akitarajiwa mgeni kutoka Dar es Salaam ambaye angeuchukua mchezo na, kama ungempendeza, angemchukua na Saidi mwenyewe akasome. Hakumchukua. Saidi alirudi Kitangari na begi lake, na mimi nikaolewa, nikazaa, nikapanda cheo, nikastaafu, na katika yote hayo haukupita msimu wa korosho nisimkumbuke na kuona aibu. Siyo kila siku. Nikisema kila siku nitakuwa najipamba. Lakini harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyoanguka ilikuwa inatosha kunikumbusha, na hapa kwetu harufu hiyo huwezi kuikwepa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa mpiga chapa msaidizi katika kituo kimoja cha mafunzo pale Masasi, kilichokuwa na useremala upande mmoja na ushonaji upande wa pili, na katikati ofisi. Chumba cha kompyuta kilikuwa kimoja na kompyuta ilikuwa moja. Tulivua viatu mlangoni. Mashine ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, cha aina ile ile waliyofunikia redio majumbani, na juu ya kitambaa palikaa Biblia ndogo ya Mama Edgar, mkuu wa wapiga chapa, kusudi mtu asiyehusika akitaka kukifunua aone haya kwanza. Dirisha lilitazama yale majabali makubwa ya Masasi, na saa nne asubuhi jua lilikuwa limeshayapasha hadi ukuta wa chumba chetu unatoa joto. Umeme tulikuwa nao kuanzia asubuhi mapema hadi chakula cha mchana, wakati jenereta la kituo likiwaka kwa ajili ya misumeno ya maseremala. Msumeno ukibana kwenye gogo gumu, maandishi kwenye skrini yalitetemeka, na Mama Edgar aliinua mikono juu ya kibodi akasubiri hadi gogo likubali.

Waliotuletea mashine ile walikuwa wameacha ndani yake mchezo mmoja wa Kiingereza. Haukuwa na picha hata moja. Skrini ilikuandikia mahali ulipo, kwamba umesimama mbele ya ngome na mzee ameketi langoni, nawe ulipaswa kuandika unachofanya: nenda kaskazini, chukua taa, fungua mlango. Kila mahali paliitwa chumba, hata kama ni njia au msitu. Sisi wasaidizi tuliuona ni maajabu. Mama Edgar aliukaribia siku moja baada ya kumaliza barua, akasoma kuhusu yule mzee langoni, akaandika SHIKAMOO. Mashine ikajibu kwamba neno hilo hailijui. Akaliandika tena, polepole, akidhani labda mzee hasikii vizuri. Mashine ikajibu vile vile. "Huyu mzee hakulelewa," akasema, akarudisha kitambaa na Biblia juu yake, na hatukumwona tena akiugusa.

Saidi alikuwepo siku hiyo. Aliletwa kituoni kufunga nyaya, akamaliza kuzifunga, na kwa namna fulani hakuondoka. Alikuwa kijana wa Kitangari, mrefu, mpole hadi anakera, fundi wa redio aliyejifunza kwa kuzifungua za watu na kuomba Mungu azirudishe. Ndani ya boksi la kompyuta alikuta kitabu cha kufundisha lugha ya kuiamrisha mashine, akawa anakisoma kama watu wengine wanavyosoma gazeti, akicheka peke yake. Alipoona Mama Edgar amekosa jibu la shikamoo, aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada Hilda, tutengeneze wetu. Wenye watu wanaoitikia." Nikamuuliza utahusu nini. Akafikiri. "Maji," akasema. Kwa mtu aliyezaliwa kule juu uwandani, upande wa Newala, hapakuwa na kitu kingine cha kuhusu.

Asiyeijua Newala ni vizuri aelewe: ardhi ya kule juu ni nyekundu, nzuri, inazaa korosho na muhogo, ila maji haina. Maji yalikuwa bondeni, chini ya mteremko mkali, na mama zetu waliyafuata huko na kuyapandisha kichwani. Basi mchezo wetu ulianza uani, alfajiri, ndoo tupu ikiwa mbele yako, na ulikwisha uliporudi uani pale pale na ndoo iliyojaa. Kati ya hapo na hapo palikuwa na vyumba thelathini na kitu. Saidi aliandika amri za mashine, mimi niliandika maneno. Ukisahau kuchukua ngata, ndoo ilikuumiza kichwa na nusu ya maji ikamwagika. Usipoweka majani juu ya maji, yalirukaruka hadi ukafika na robo. Ukipita nyumba ya mtu bila hodi, hukuonyeshwa njia. Na ukimwuliza mtu mzima kitu kabla ya kumwamkia, mchezo haukukwambia kwamba umekosea. Alikutazama tu. Uliandika tena swali lako, akakutazama tena. Seremala mmoja alitazamwa hivyo muda wote wa mapumziko ya chai, akaondoka amekasirika kabisa, na kesho yake akarudi, akaandika SHIKAMOO BIBI, na alipoona MARAHABA MJUKUU WANGU kwenye skrini alifurahi hadi akatuletea kigoda alichokitengeneza kwa mabaki ya mbao za mninga.

Tulikula mchana kwenye kibaraza cha useremala, juu ya rundo la mbao, ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili, ambayo Saidi alikuja nayo kila Jumatatu kutoka kwao, au ugali wa muhogo na kisamvu nilichokileta mimi. Maseremala walitusema tukiwasikia. "Hawa wawili wataoana na kompyuta itakuwa shahidi." "Shahidi gani anayetetemeka kila tukikata gogo?" Hapakuwa na kitu baina yetu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu mume wangu naye atasoma kisa hiki. Palikuwa na kitu kingine, ambacho sikukipata tena kirahisi maishani: mtu ambaye ukimpa sentensi jioni, asubuhi anakurudishia imekuwa mlango unaofunguka. Saidi hakuwa na mashine nyumbani, kwa hiyo kila Jumamosi alipokwenda kwao aliandika amri zake kwa penseli kwenye daftari kubwa la jalada gumu, akamsomea dada yake, Somoe, vyumba vipya wakati dada anatwanga, akamwomba aseme angefanya nini. Jumatatu akaziingiza kwenye mashine. Somoe hakuwahi kuiona kompyuta, na ndiye aliyekuwa mchezaji wetu mkali kuliko wote.

Mwezi wa saba ikaja barua. Kulikuwa na mradi, wakati ule kila kitu kilikuwa mradi, uliokuwa unakusanya programu za kompyuta za Kiswahili kutoka mikoani ili zitolewe na kusambazwa mashuleni. Mgeni angepita Masasi Ijumaa fulani. Sharti mojawapo lilisema mchezo uwe na fumbo la mwisho linalompima mchezaji akili. Sisi fumbo hatukuwa nalo. Chumba chetu cha mwisho, kabla ya kupanda kurudi, kilikuwa kisimani bondeni, anapokaa bibi mmoja mwenye zamu, naye alikujazia ndoo bila maswali. Saidi akaniomba nimtafutie bibi huyo swali. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kipande cha mng'oko mkono wa kushoto. Nikaandika swali na jibu lake kwenye karatasi kwa mkono wa kulia, bila kufikiri, nikampa. Lilikuwa zuri. Saidi alilisoma mara mbili, akasema, "Hili si la mchezo," akimaanisha ni zito, na alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua.

Sikujua nimefanya nini hadi wiki mbili baadaye, nilipopewa ruhusa kwenda Newala kumsalimia bibi yangu. Msimu wa unyago ulikuwa umeingia na bibi alikuwa kungwi, tena kungwi anayeitwa hadi vijiji vya mbali. Nilikuwa uani napepeta mpunga. Ndani ya uzio wa makuti, akina mama walikuwa na wanawali wao, na mmoja akaanzisha wimbo, na katikati ya wimbo bibi yangu akauliza swali, na wasichana wakajibu kwa pamoja. Lilikuwa swali langu. Jibu lilikuwa jibu langu. Nilikuwa nimelitoa mle mle ndani, nilipofundishwa nikiwa na miaka kumi na mitatu, na nikalitoa kwa mwanamume kwenye karatasi pamoja na mng'oko. Nilijua vizuri kwamba ya mle hayatoki. Nililia siku nilipoapishwa. Ila katika miezi ile yote nilikuwa nachota kila nilichofundishwa na wanawake, kuamkia, kubeba, kukaa, kunyamaza, na mkono haukuona tofauti ulipochota na hilo. Wewe unayesoma usinitazame hivyo. Wala wewe sitakuambia lilikuwa lipi.

Jioni wakati wa chakula nilimsikia bibi akiongea na kungwi mwenzake juu ya mama mmoja wa upande wa Tandahimba, ambaye mwali wake alimwambia mchumba mambo. "Sasa nani atamwita tena?" bibi akasema, akimega ugali. "Amekaa tu kwake. Hata harusini hawamkalishi mbele." Alisema kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonitisha. Yeye ndiye aliyenisimamia mimi. Mchezo ukienda mashuleni, kila mvulana wa nchi hii angeliandika lile jibu ili apewe maji, na siku moja jambo lingerudi juu uwandani, na pangeulizwa huyu Hilda alifundwa na nani. Sikula. Bibi akanishika shingo kuona kama nina homa, na mkono wake ulinuka moshi na mafuta ya karanga, na nikashindwa kumwambia.

Kumwambia Saidi ndiyo haikuwezekana kabisa. Watu wa nje watanishangaa hapa, kwa hiyo nitaeleza. Ningesema nini? Nikisema toa swali hili, atauliza kwa nini. Nikisema kwa nini, nimemthibitishia kwamba ni la mle. Hadi hapo alikuwa na kitendawili kizuri. Nikifungua mdomo atakuwa na siri. Kwa hiyo Ijumaa ile, mwenye ufunguo wa kufagia nikiwa ni mimi, nilifika jenereta lilipowashwa tu, nikavua viatu, nikaweka Biblia ya Mama Edgar pembeni, na nikaufuta mchezo ndani ya mashine, kisha nikaifuta disketi, kisha nikaifuta tena. Ningeweza kukitoa chumba kile kimoja tu, mtu atasema. Sikujua namna. Mimi nilijua maneno, milango aliijua yeye.

Saidi, aliyekuwa ametuma habari kwamba anaumwa juma lile, akaingia baada ya saa moja hivi, amevaa shati jeupe la kuazima, daftari kwapani, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Nikamwambia disketi imeingia ukungu na mashine nayo imepoteza kila kitu. Nilisema nikitazama kibodi. Nilitarajia aulize, akague, afungue mashine, kwani alikuwa mtu wa kufungua vitu. Akasema, "Sawa, dada." Basi. Daftari lilikuwepo, lakini vyumba thelathini na kitu havingeingizwa upya kabla ya mgeni; alikuja, akanywa chai, akaondoka, na mchana huo Saidi alinipungia mkono kutoka kwenye lori la mbao. Niliibeba ile "sawa" ikanielemea kuliko ndoo yoyote niliyopata kuibeba. Niliisikia kama sauti ya mtu aliyezoea kunyimwa.

Ndiyo maana nilipofika Kitangari mwezi uliopita nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, na nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima tangu gari lilipoanza kupanda. Saidi alinipokea uani. Ana ndevu nyeupe sasa, na tumbo dogo ambalo halimkai vizuri, kama la kuazima nalo. Upande mmoja wa nyumba ni karakana yake, simu na redio zimefunguliwa kwenye meza, kila moja na skrubu zake kwenye kizibo cha soda. "Karibu, Mama Upendo," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, kisha akajirekebisha, "karibu, dada." Sikungoja hata kukaa. "Baba Rehema," nikasema, "ile disketi haikuingia ukungu." Akacheka kidogo, akiangalia chini. "Najua. Ukungu hauwezi kuiacha disketi safi vile." Nikafungua mdomo nitoe yaliyobaki, akainua kiganja, kwa upole wake ule ule. "Kwanza nenda jikoni kamsalimie dada yangu. Amesubiri muda mrefu."

Somoe alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya ming'oko. Tulikuwa hatujawahi kuonana, na nilimjua tangu zamani. Tukaamkiana, nikashika kisu cha pili, na alipohakikisha mlango umerudishwa akaanza kusema bila kuniangalia. "Ile Jumamosi kabla ya mgeni wenu, mchezo ukiwa umeshaingia wote kwenye mashine, ndipo aliponisomea chumba cha kisimani. Mimi natwanga. Akafika kwenye swali la yule bibi. Mchi ukanitoka mkononi, shoga yangu, ukaangukia kuku. Nikamwambia, nani kakupa maneno haya? Akasema ni fumbo tu, ametunga dada Hilda. Nikamwambia, chana ukurasa huo, uchome hapa hapa, na usiniulize, na usimwulize yeye. Akachana." Kisu changu kilikuwa kimesimama. "Usiku ule ule wa Jumamosi?" "Pale pale. Moto ulikuwepo. Jumapili kutwa akakaa anaandika chumba kipya. Sasa akapata shida, atakwambiaje wewe kwamba amelitoa? Akikwambia, ina maana amejua. Mwanamume atasemaje kitu hicho? Juma zima alikuwa hapa analalamika kuumwa, asiende kazini, kumbe anatafuta maneno. Ijumaa akasema atakwenda mapema, ataingiza ukurasa mpya kimyakimya kabla hujafika."

Nilimtazama. Akainua macho, naye akaanza kucheka, kicheko cha mwanamke aliyekaa na jambo hilo zaidi ya miaka thelathini. "Akakuta umeshafagia. Alirudi hapa jioni akaniambia, dada, Mungu mkubwa, mwenyewe amegundua, kaufuta wote, wala sikulazimika kusema neno."

Kwa hiyo ile "sawa" ilikuwa hiyo. Nilikaa pale na mng'oko mkononi, na kitu nilichokuwa nimekibeba kikashuka, na nilijua kimeshuka kwa sababu nililia na kucheka kwa wakati mmoja, na Somoe akanipa upande wa kanga yake nijifute. Mtu mzima nalia kwenye maganda. Nilikuwa nimemwona Saidi akipokea pigo, na yeye alikuwa anashusha pumzi ya nafuu. Tulikuwa tumesimama wawili katika chumba kile kidogo, kila mmoja amekuja mapema kulifuta swali lile lile, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema.

Wakati wa kula, kisamvu chenye korosho na dagaa, niliuliza nililobaki nalo. "Na Dar es Salaam je? Ulikosa kusoma kwa ajili yangu." Saidi alimtafuna dagaa wake hadi mwisho. "Nilisikitika, nisikudanganye. Mwezi mzima sikugusa redio ya mtu. Halafu msimu wa korosho ukaingia." Rehema, aliyekuwa ametulia kwa heshima, akaweka kijiko chini. Alishaufuatilia mradi ule, akasema, kwa sababu ndiyo kazi yake. Ulifungwa hata kabla mgeni hajazunguka mikoa yote. Disketi zilizokusanywa hazijulikani zilipo. Hakuna mchezo hata mmoja uliotoka, wala kijana aliyepelekwa kusoma. "Wa kwenu ndio uliosalimika, mama, kwa sababu ulikuwa kwenye daftari." Saidi akasema haya yeye ameyajua tangu mwaka jana na amefurahi kuliko inavyompasa Mwislamu kufurahia hasara ya wengine, na Somoe akampiga begani kwa mwiko.

Baada ya chakula Rehema aliweka kompyuta yake ndogo kwenye meza ya karakana, akasogeza skrubu pembeni. Alikuwa amenakili daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, usiku na mchana, hadi mashine ikakubali. Daftari lenyewe lilikuwa pale, penseli imefifia, na mwishoni, pale ulipochanwa ukurasa mmoja, palibaki ukingo wa karatasi kwenye uzi. Baada ya ukingo huo palikuwa na ukurasa wenye mwandiko ule ule wa mwaka ule. "Ila kuna kasoro moja, mama," Rehema akasema. "Chumba cha mwisho. Nadhani baba alisahau kukimalizia. Nilitaka kukirekebisha, akanikataza. Akasema wewe utajua." Nikavua viatu. Hawakuniambia nivue, miguu ilikumbuka yenyewe.

UKO UANI. KUMEPAMBAZUKA. NDOO TUPU IKO MBELE YAKO. Nikachukua ngata, nikachukua ndoo. Nikapiga hodi kila palipotakiwa. Nikawaamkia wote, na wote wakaitikia, na maneno yalikuwa yangu, ya msichana wa miaka ishirini aliyejidai kidogo, na sikuyaonea haya kama nilivyodhani. Nilipoanza kuteremka mteremko wa mwisho nikasikia kiti kikisogea. Saidi alikuwa ameinuka. Akatoka nje, akaenda kusimama uani akiangalia mikorosho, mgongo wake ukiwa umeelekea mlangoni. Nikafika kisimani, na skrini ikaandika:

BIBI AMEKAA KWENYE MKEKA KANDO YA KISIMA. ANAKUULIZA SWALI. SWALI HALIJAANDIKWA HAPA. KAMA UNALIJUA, MJIBU MOYONI, KISHA BONYEZA KITUFE CHOCHOTE. ALIYEANDIKA HAYA AMEBAKI NJE NA AMEGEUKA.

"Umeona?" Rehema akasema. "Swali halipo." Nikamwambia lipo. Nikamjibu bibi moyoni, yule wa kwenye mkeka na yule wangu aliyelala Newala, ambaye aliitwa kwenye vijiji vya mbali hadi mwaka aliofariki, na harusini walimkalisha mbele. Nikabonyeza kitufe. Bibi akanijazia. Nikaweka majani juu ya maji, nikapanda polepole, bila kukimbia popote, nikaaga kila niliyemwamkia, hadi uani.

Kutoka nje, bila kugeuka, Saidi akauliza, "Imejaa?"

"Imejaa," nikamwambia.

"Sawa, dada," akasema.